Unyevu ukizidi kwenye kasha la siga: dalili, sababu na tiba kwa wakaaji wa pwani

Siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa jani tupu la tumbaku, huja na maelekezo ya kuzitunza. Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya nchi ambako majira ya baridi nyumba hupashwa moto hadi hewa ya ndani inakauka na majani yanapasuka. Ndiyo maana yanakuambia ujaze sponji maji, upanguse kuta za kasha kwa kitambaa kilicholowa, uongeze tena kila baada ya wiki mbili. Ukiyafuata ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, utaharibu siga zako. Huku hewa yenyewe inaleta maji. Asubuhi za masika, Machi hadi Mei, unyevu wa hewa hupita asilimia 80 bila shida. Kazi yako ni kuuzuia usiingie na kuutoa kwa taratibu ule ulioingia.

Siga hukaa vizuri kwenye unyevu wa asilimia 62 hadi 70. Kwa joto letu lenga 65. Ukiona 70, anza kutafuta sababu. Unyevu ukikaa 75 na zaidi kwa siku kadhaa, ukungu una kila unachohitaji. Joto linalopendekezwa kwa kawaida ni nyuzi 18 hadi 21, ila chumba kisicho na kiyoyozi wakati wa kaskazi hucheza kati ya 28 na 32. Joto hilo ndilo linalotulazimu kuwa wakali zaidi kwenye unyevu.

Hapa chini nimepanga matatizo kwa dalili, kuanzia yale yanayolalamikiwa sana. Ndani ya kila dalili, sababu ya kawaida inatangulia na ya nadra inafuata. Usiruke hatua rahisi.

Kwanza kabisa: je, kipimo chako cha unyevu kinasema kweli?

Nusu ya wasiwasi wa watu huishia hapa. Vipimo vya mshale vinavyobandikwa kwenye mifuniko ya makasha ya bei nafuu hukosea sana, na hukosea upande wowote. Usiguse siga hata moja kabla hujakijaribu kipimo chako kwa chumvi.

Chukua kizibo cha chupa ya maji, ukijaze chumvi safi ya mezani. Tonesha maji kidogo kidogo hadi chumvi iwe tope zito. Isiyeyuke, na maji yasielee juu yake. Weka kizibo hicho na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, visigusane, kisha funga. Kopo likae mahali ambapo joto halibadiliki, mbali na dirisha na mbali na upepo wa kiyoyozi, kwa muda wa saa 24. Hewa iliyofungiwa pamoja na tope la chumvi hutulia kwenye asilimia 75, chumba kiwe na nyuzi 20 au 30. Soma kipimo bila kufungua kopo. Kikisema 75, kiamini. Kikisema 80, kinazidisha 5, na utaipunguza 5 hiyo kila usomapo. Vipimo vya namba vingine vina kitufe cha kurekebisha, na vile vya mshale mara nyingi vina skrubu nyuma. Kikipishana kwa zaidi ya 8, kitupe na ununue cha namba, kwa sababu kosa kubwa namna hiyo halikai sawasawa kwenye kila usomaji.

Chumvi hiyo hiyo inakupa habari nyingine bila gharama. Chumvi safi ya mezani ikianza kulowa na kugandana ndani ya kichupa chake, hewa ya chumba chako imepita asilimia 75. Hiyo ndiyo sababu ya zile punje za mchele ambazo mahoteli ya pwani hutia kwenye vichupa vya chumvi. Chumvi ya mawe isikupe hofu: hulowa mapema zaidi kwa sababu ya madini mengine yaliyomo.

Dalili ya 1: Kipimo ni kizima, kinasoma zaidi ya 70, na hakishuki

Sababu ya kwanza, mbali sana na nyingine, ni sponji au kopo la jeli la kuleta unyevu lililojazwa maji. Litoe kabisa. Sisemi ulikamue, nasema ulitoe. Ukiwa pwani huna haja ya kitu kinachotoa maji tu. Unahitaji kinachotoa na kunyonya. Funga kasha, subiri siku tatu, soma tena. Watu wengi tatizo lao huisha hapo.

Ya pili ni kasha jipya lililopanguswa kwa maji kabla ya kutumika. Mbao hunywa maji upesi na kuyarudisha polepole sana, hata kwa wiki kadhaa. Hamisha siga kwenye kontena la plastiki linalobana, kisha liache kasha wazi kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi kipimo kikiwa ndani ya kasha tupu lililofungwa kisome chini ya 65.

Ya tatu ni mfuniko usiobana. Kuna majaribio mawili. Bana kipande cha karatasi kati ya mfuniko na ukingo, kisha kivute. Kikitoka bila kukukatalia, pana pengo. Rudia kila upande. Halafu usiku, washa tochi ya simu, iweke ndani ya kasha, funga, zima taa za chumba. Penye mwanga ndipo hewa ya bahari inapoingilia. Usizibe pengo kwa gundi wala silikoni ya mabomba, kwa maana harufu yake itaingia kwenye tumbaku na haitatoka.

Makasha ya Zanzibar, yale ya mbao yenye misumari na mabamba ya shaba, nayapenda kama mtu mwingine yeyote. Lakini hayabani, na mengi yamewahi kubeba nguo zenye udi au vidonge vya kafuri vya kufukuza nondo. Tumbaku hunyonya harufu kama inavyonyonya maji. Kasha la namna hiyo liache libaki pambo la sebule.

Ya nne ni pakiti za unyevu zilizoshiba. Pakiti za pande mbili, mfano zile za Boveda, zina maji ya chumvi yaliyokolea ndani ya utando unaopitisha mvuke tu. Hewa ikiwa kavu zinatoa, ikiwa mbichi zinanyonya. Huja kwa namba: 62, 65, 69, 72. Kwa pwani nunua 62 au 65, na waachie 72 wanaoishi kwenye ukavu. Hesabu ni pakiti moja ya gramu 60 kwa nafasi ya siga 25. Ishike mkononi: nzima hulegea, iliyokauka huwa ngumu yenye chembechembe, na iliyoshiba hutuna na ngozi yake kukaza. Iliyotuna hainyonyi tena. Ianike siku chache kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi ilegee, au weka mpya. Na usichanganye namba mbili kwenye kasha moja. Moja itakuwa inamwaga maji na nyingine inayanywa, hadi zote zichoke.

Ya tano, siga zenyewe zimefika zimelowa. Duka lililoziacha kwenye kabati la kioo bila udhibiti, kaunta wazi inayotazama barabara, yote haya huleta siga zenye maji kupita kiasi, na siga hizo zitalowesha nyingine zilizotulia. Siga mpya zikae kontena lao peke yake kwa wiki mbili, na kipimo chao.

Ya mwisho ni joto. Kasha lililo juu ya friji, karibu na televisheni au kwenye dari ya kabati linaloguswa na jua la mchana hupata joto, na tumbaku na mbao zikipata joto huachia maji kwenye hewa ya ndani. Shusha kasha, liweke chini kabisa ya kabati la chumba chenye baridi zaidi, ukuta usiopigwa na jua la magharibi.

Ukimaliza hayo yote na namba bado imekwama juu, tumia kiyoyozi. Kiyoyozi kinapopoza hewa huitoa maji pia. Ule mrija unaodondosha nje ya dirisha ni ushahidi. Funga madirisha, weka nyuzi 24 au 25, subiri saa moja, kisha weka kipimo mezani. Chumba kikisoma kati ya 50 na 60, fungua kasha kwa saa mbili, lisiwe chini ya upepo wa moja kwa moja. Funga. Subiri siku nzima ndipo usome, maana hewa hubadilika kwa dakika lakini tumbaku hubadilika kwa siku. Rudia kesho. Usishushe zaidi ya pointi mbili au tatu kwa siku. Jani la nje ni jembamba na hukauka kwanza; moyo wa siga ukiwa bado umetuna na jani limeshasinyaa, litachanika kwa urefu, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu? Vinanyonya, lakini havina namba ya kusimamia: vitaendelea kuvuta hadi siga zikauke. Ukivitumia, viwe kwenye kitambaa, visiguse siga, na kwa saa chache ukiwa unaangalia. Mchele usiweke. Unanyonya kidogo sana, na unakaribisha wadudu nitakaowaeleza mbele. Jua pia hapana. Siga si dagaa wa kuanikwa.

Dalili ya 2: Matone ya maji ndani ya mfuniko, kwenye kioo au kwenye selofeni (karatasi angavu inayofunika siga)

Hii inawatisha watu kuliko zote, na sababu yake hueleweka vibaya. Wengi hudhani kasha lina maji mengi, wakati mara nyingi ni kitu baridi kimekutana na hewa ya moto.

Mchana wa kaskazi, hewa ya nje ikiwa na nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, mvuke wake huanza kugeuka maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini ya hapo. Chumba chako cha kiyoyozi kina 23. Kila kitu ndani yake, pamoja na kasha na siga, kina 23. Ukilibeba kasha hilo hadi barazani na kulifungua mbele ya wageni, hewa ya baraza itamwaga maji juu ya majani papo hapo. Hali ni hiyo hiyo umeme unapokatika na mtu akafungua madirisha.

Kwa hiyo fungua kasha ndani ya chumba baridi, toa siga unazotaka, funga, ndipo utoke nazo. Zile ulizotoa zibaki ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika ishirini au thelathini hadi zipate joto la nje. Umeme ukikatika, kasha lisifunguliwe, na chumba kifungwe.

Sababu ya pili ni kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana. Kasha hupata joto na baridi kila siku, na maji hutoka kwenye tumbaku mchana, yakawa matone kwenye mfuniko usiku. Kama huwezi kukiacha kiyoyozi kiende saa zote, na bili ya umeme inaeleweka, ni afadhali kasha likae chumba kisicho na kiyoyozi kabisa, kilicho kivulini, kuliko kupanda na kushuka. Joto la 28 lisilobadilika ni bora kuliko 22 na 31 zinazopokezana. Nalisema hili nikijua wako watakaolikataa, lakini kwa unyevu ndivyo ilivyo. Utalilipia kwa kuwa mwangalifu zaidi na wadudu.

Ukikuta matone: futa mfuniko kwa tishu kavu, toa siga zilizoguswa na maji, zipanguse kwa kugusisha tu tishu bila kusugua, ziweke peke yake. Siga iliyolowa kwa maji hupata madoa, na ikianza kuoza haifai kurudi kwenye kundi.

Dalili ya 3: Siga ni laini, imetuna, au jani linapasuka upande wa kuwashia

Shika siga katikati kwa kidole gumba na cha shahada, bonyeza taratibu. Nzuri hukubali kidogo kisha hurudi. Iliyozidiwa na maji huingia ndani na kubaki na alama ya kidole, tena haina sauti yoyote. Itazame upande wa kuwashia: majani ya ndani yakiwa yamesukumana kwenda nje na jani la nje limechanika kwa mstari mfupi, moyo umevimba kuliko ngozi.

Karibu kila mara sababu ni zile za dalili ya kwanza, kwa hiyo rudi huko. Kwa siga yenyewe, iweke siku mbili au tatu kwenye sanduku tupu la mbao, lile la kununulia siga, ndani ya chumba kinachosoma 55 hadi 60. Ikiwa ina selofeni, itoe. Selofeni hupitisha mvuke lakini huchelewesha.

Kama ni siga moja tu kati ya ishirini iliyo laini na nyingine ziko sawa, si unyevu. Imesokotwa kwa jani chache. Ivute na uendelee na maisha.

Dalili ya 4: Haiwaki vizuri, inazimika, ni ngumu kuvuta, au inaungua upande mmoja

Maji mengi huzuia moto kufika katikati, hivyo jani la nje huungua na moyo kubaki mbichi, au kinyume chake. Moshi unakuwa mzito, mchungu, na kichwa cha siga kinalowa mdomoni. Jaribu moja ya zile zilizokaa siku tatu kwenye sanduku kavu. Ikiwaka vizuri, umepata jibu, na kundi zima lishushwe hadi 65 au hata 62.

Ikigoma vile vile, shida ni msokoto uliobana sana. Ishike baada ya kukata kichwa, ivute bila kuwasha: hewa isipopita kabisa hata kwenye siga kavu, kukausha zaidi hakutasaidia.

Dalili ya 5: Madoa meupe, ya kijani au ya kijivu

Ichukue siga uipeleke dirishani, iinamishe hadi mwanga upite sambamba na jani. Vumbi jeupe laini lililotandaa sawasawa, linalong'aa na kutoka kwa kidole bila kuacha alama, watu huliita mafuta ya tumbaku yaliyokomaa na hulifurahia. Mimi nakusihi usiwe mwepesi wa kufurahi. Kitu chenye nywele, kilichokaa kwa mabaka ya duara, kinachoinuka juu ya jani na kuacha doa kikifutwa, ni ukungu. Chenye kijani, buluu au cheusi ni ukungu bila mjadala. Kwa pwani, ukiwa na shaka, hesabu kwamba ni ukungu.

Uamuzi unategemea mahali ukungu ulipo. Ukungu ukiwa upande wa kuwashia, au wenye rangi yoyote isiyo nyeupe, tupa siga hiyo. Umeshaingia ndani, na hakuna mtu anayepaswa kuuvuta. Baka moja jeupe juu ya jani la nje, upande wa kuwashia ukiwa safi kabisa, linaweza kufutwa kwa tishu nje ya nyumba, kisha siga ikatengwa wiki tatu. Likirudi, tupa. Bei ya siga isikushawishi.

Usipulize wala kupiga brashi ndani ya nyumba. Unasambaza mbegu za ukungu kwa siga zote na kwa mapafu yako. Vaa barakoa. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, ampe mwingine. Na mtu anayekohoa au kubanwa kifua baada ya kushughulika na ukungu amwone daktari.

Sasa kasha. Toa kila kitu. Futa mbao kwa kitambaa chenye spiriti safi isiyo na rangi wala harufu ya dawa, madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na kiberiti, kwa maana spiriti inashika moto. Klorini usitumie kamwe. Mbao hubaki nayo. Acha wazi siku mbili hadi harufu iishe. Doa likiwa limeingia ndani ya nyuzi za mbao, piga msasa laini. Likibaki, badilisha ubao.

Kwenye kubadilisha ubao tuna bahati. Mbao inayotumiwa sana kwa makasha ya siga duniani hutoka kwenye mti wa Cedrela odorata, asili yake Amerika ya kitropiki. Mti huo uliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya mbao, na katika Msitu wa Hifadhi wa Kimboza, Morogoro, umekuwa mti vamizi unaosukuma miti ya asili. Uliza mafundi seremala wanaonunua mbao za Morogoro, na unuse kabla ya kulipa: harufu yake ni tamu, kavu, yenye ukali kidogo. Mbao iwe imekauka kabisa, na isipakwe vanishi wala rangi ndani. Msonobari kataa, unatoa utomvu. Mkafuri kataa pia.

Dalili ya 6: Vitundu vidogo vya duara na unga wa kahawia

Huyu ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, mbawakawa mdogo wa rangi ya kahawia nyekundu mwenye urefu wa milimita 2 au 3. Mayai yake huja ndani ya tumbaku. Hupenda joto la nyuzi 30 hivi, yaani chumba chetu cha kawaida, na unyevu mwingi humstawisha. Hali tumbaku peke yake: pilipili, binzari, unga, mchele na viungo vya pilau vyote ni chakula chake. Kasha la siga kamwe lisikae kwenye stoo ya chakula, na aliye na duka la viungo chini ya nyumba azidi kuwa macho.

Gonga kila siga juu ya karatasi nyeupe. Zenye vitundu, tupa nje ya nyumba ndani ya mfuko uliofungwa. Zilizobaki, hata zinazoonekana nzima, ziue mayai kwa baridi. Zitie kwenye mfuko wa kubana, toa hewa, utie mfuko wa pili juu yake. Siku moja kwenye friji. Kisha kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, angalau siku tatu; mimi hupendelea tano, kwa kuwa friza za nyumbani hufunguliwa mara kwa mara na umeme hukatika. Kisha siku moja tena kwenye friji, na siku moja chumbani. Katika safari hiyo yote mifuko isifunguliwe hata kidogo, la sivyo maji ya dalili ya pili yatakukuta.

Dawa ya kupuliza isikaribie kasha. Ukiwakuta wadudu hao na jikoni, simama hapo na umwite mtaalamu wa kuua wadudu kwa ajili ya nyumba.

Dalili ya 7: Harufu ya uvundo hata baada ya kusafisha

Kama harufu inafanana na mkojo au amonia, siga ni changa. Tumbaku bado inaachia gesi ya kuchachuka. Zipe miezi. Kama ni uvundo wa kitambaa kilichofungiwa kikiwa kibichi, sogeza kabati na utazame ukuta wa nyuma. Rangi iliyotuna, weupe wa chumvi unaochanua chini ya ukuta, au ukungu mweusi kwenye kona maana yake maji yanaingia kwenye nyumba, na hakuna pakiti itakayoshindana nayo. Hamisha siga, kisha mwite fundi bomba aangalie mabomba, na fundi ujenzi aangalie paa na msingi. Kupaka rangi juu ya ukuta unaovuja kunaficha tu.

Dalili ya 8: Kabati la umeme la kutunzia siga linatuamisha maji au namba inapanda na kushuka

Anza na mpira wa mlango: ujaribu kwa karatasi kama ulivyofanya kwa mfuniko, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na uukaushe. Kisha trei ya maji na tundu lake. Vumbi na vipande vya majani huliziba. Kisha nafasi ya nyuma, isipungue upana wa kiganja, ili joto litoke. Kisha feni ya ndani, kama inazunguka.

Makabati madogo yasiyo na kompresa hupooza kwa kiasi fulani tu chini ya joto la chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 31 ukiliweka 18, litafanya kazi bila kupumzika, na bamba lake baridi litatoa jasho mchana kutwa. Lipandishe hadi 22 au 23 na maji yatapungua. Lenye kompresa hukausha hewa linapowaka, na unyevu hurudi juu likizima. Pakiti za kutosha ndani hulituliza. Umeme wa kupanda na kushuka huua vyote viwili, kwa hiyo weka stabilaiza.

Acha kila kitu na uzime swichi ya ukutani ukiona lolote kati ya haya: maji yamefika kwenye nyaya au nyuma ya paneli, soketi ina joto kali au harufu ya kuungua, umepigwa shoti ulipogusa mlango, kompresa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache, au fyuzi inakatika. Mwite fundi umeme. Barafu iliyoganda ndani usiichokoe kwa kisu, kwa maana mirija ya gesi imepita hapo hapo, na makabati mengi mapya hutumia gesi ya R600a inayoshika moto. Ukisikia mlio wa gesi kuvuja, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima chochote karibu nalo, kata umeme kwenye swichi kuu, toka, na mwite fundi friji mwenye vifaa vya gesi hiyo. Siga zihamie kwenye kontena la plastiki lenye pakiti za 65. Zitakaa salama humo kwa muda wote atakaouchukua.